Kiungo cha Ulimwengu au Krosi? Uhakiki wa Tafsiri Moja ya Ufundi wa Malori

1. Utangulizi

Makala haya yanaihusu karatasi moja ya kurasa nne. Haikutungwa kwa Kiswahili. Imefasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya madereva na mafundi wa malori, nayo yaeleza jinsi ya kutambua kipimo kilicho sawa cha kile kiungo kinachoiwezesha propela shafti kujipinda huku ikizunguka. Tuliipata Tunduma, mkoani Songwe, katika gereji moja ya kando ya barabara. Fundi aliyekuwa nayo alikuwa ameifungia beringi zake. Hatutaitaja ofisi iliyoitoa, wala hatumjui mfasiri wake. Kusudi letu si kumwaibisha mtu, bali kuyatazama makosa ambayo sisi sote tuifanyao kazi hii tumepata kuyafanya, na ambayo hatuna budi kuyaacha.

Huenda msomaji akauliza kuna haja gani kwa jarida la istilahi kujitia katika grisi na vyuma. Jibu letu ni kwamba hakuna mahali ambapo istilahi hupimwa bila huruma kama katika gereji. Hadithi iliyofasiriwa vibaya humchosha msomaji, naye huiweka kando. Sheria iliyofasiriwa vibaya huweza kupata wakili wa kuitetea. Lakini maelekezo ya kufunga chuma kinachozunguka kwa kasi chini ya lori lililobeba mzigo hayana mtetezi. Yakieleweka, lori hufika. Yasipoeleweka, chuma hukatika, na mti mzima huangukia barabarani ukiwa bado unazunguka.

2. Mahali penyewe

Tunduma ni mji wa mpakani, na upande wa pili wa mpaka ni Nakonde, Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapo, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, hupita hapo vile vile. Tangu 2016 mji huo umo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, ambao makao yake makuu yapo Vwawa. Mwaka 2019 nchi hizi mbili zilizindua kituo cha pamoja cha forodha, ili gari lisikaguliwe mara mbili. Shaba ya Zambia na ya Kongo hushuka kwa njia hiyo kwenda bandarini, na mafuta, saruji, mbolea na bidhaa za madukani hupanda. Mwenye kupita Mlowo, Vwawa na Mpemba anazijua vyema foleni za malori.

Pamoja na malori huja lugha. Mnyamwanga anaishi pande zote mbili za mpaka na husema lugha yake pande zote mbili. Mnyiha wa Mbozi, Mbemba wa Zambia na Mkongomani wa Lubumbashi, mwenye Kiswahili chake chenye maneno ya Kifaransa, hukutana chini ya lori moja lililoharibika. Lugha inayowapatanisha, mara nyingi, ni Kiswahili. Basi ikiwa istilahi ya Kiswahili yaweza kuaminiwa Tunduma, itaaminiwa popote; na ikiwa itashindwa hapo, haitakuwa kwa sababu wasemaji hawakukitaka Kiswahili.

3. Kitu chenyewe

Kabla ya kulihakiki jina, yatupasa kukitazama kitu. Lori huwa na injini na giaboksi mbele, na difu nyuma, kati ya magurudumu. Nguvu ya injini hutoka giaboksi na kufika difu kwa njia ya bomba refu la chuma ambalo mafundi huliita propela shafti, au kwa kifupi propela. Giaboksi imefungwa katika chesisi, haipandi wala haishuki. Difu imebebwa na springi, nayo hupanda na kushuka kila gurudumu linapoingia shimoni. Propela, basi, haiwezi kuwa chuma kimoja kigumu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni lazima iwe na mahali pa kujikunja.

Mahali hapo pana vyuma viwili, kila kimoja kikiwa na masikio mawili kama panda ya manati, vimeelekeana kwa kupishana. Kati yao pamekaa kipande chenye mikono minne. Kila mkono huvaa kikombe cha chuma, na ndani ya kikombe zimejipanga beringi nyembamba mithili ya sindano, pamoja na grisi. Kikombe huingia kwa kubana katika tundu la sikio, kisha huzuiwa kisitoke kwa pete ya chuma ambayo mafundi huiita loki. Katika baadhi ya malori makubwa, mahali pa loki huwa na bamba na boliti.

Kitu hiki si kipya. Wazo la kukitundika chombo katika pete ili kisipinduke ni la zamani sana, na dira za vyombo vya baharini zimetundikwa kwa namna hiyo kwa karne nyingi. Mtaalamu wa Italia, Girolamo Cardano (1501–1576), alilieleza, na Wafaransa na Wajerumani wakalitoa jina la kiungo hiki katika jina lake. Mwingereza Robert Hooke alikiandikia mwaka 1676, akakipa jina ambalo Waingereza wangali wakilitumia. Mmarekani Clarence Spicer alipata hataza yake mwaka 1903, na tangu hapo kiungo hicho kikashika nafasi ya mnyororo katika magari.

Tazama sasa jinsi mataifa mengine yalivyokiita. Fundi wa Italia hutumia neno litokanalo na msalaba, na fundi Mwarabu pia. Wachina, ambao vichwa vyao vya kwanza vya treni vya dizeli na haidroliki katika reli ya TAZARA vilikuwa vya aina inayopeleka nguvu kwenye magurudumu kwa miti ya namna hii, wana jina lenye maana ya kifundo cha pande elfu kumi, na kile kipande cha mikono minne wanakiita kwa alama yao ya kumi, ambayo imeandikwa kama msalaba. Wasweden husema fundo la Cardano. Hakuna hata mmoja wao aliyetazama chini ya gari akauona ulimwengu.

4. Majina yaliyopotoka

Mfasiri wetu aliuona. Katika karatasi yote, kiungo hiki kinaitwa kiungo cha ulimwengu. Asili ya kosa ni dhahiri: neno la Kiingereza lina maana zaidi ya moja, naye akachukua ile inayotangulia katika kamusi. Hooke hakukusudia ulimwengu. Alikusudia kwamba kiungo hicho hujipinda kuelekea kila upande, tofauti na bawaba ya mlango inayojipinda upande mmoja tu. Kama mkoani Songwe kuna chuma kinachostahili kuitwa cha ulimwengu, basi ni kile kimondo kilicholala Ndolezi, wilayani Mbozi; hicho kweli kilitoka huko. Krosi ya lori hutoka dukani.

Jina la pili ni nira. Vile vyuma viwili vyenye masikio vimeitwa nira, kwa sababu neno la Kiingereza ni lile lile litumikalo kwa ng'ombe wa kulimia. Mbozi ni nchi ya wakulima, na nira wanaijua barabara. Ndiyo maana jina hili linawapotosha kuliko ambavyo lingempotosha mtu wa mjini. Nira ni mti unaolala juu ya shingo za ng'ombe wawili na kuwafanya waende pamoja. Mwenye picha hiyo akilini hukitafuta chuma kimoja kinacholala juu ya viwili, wala hakioni. Kwa umbo, chuma chenyewe ni panda, na neno panda tunalo tangu utoto wetu, katika manati na katika njia panda.

Jina la tatu latuchekesha, ingawa tusingependa kucheka. Propela shafti imeitwa mhimili wa rafadha. Rafadha ni neno zuri, tena ni letu, lakini ni lile pangaboi linalosukuma meli majini. Lori lililofungwa rafadha lingefaa kupelekwa bandarini Itungi, Ziwa Nyasa, si mpakani Tunduma. Hapa mfasiri alikuwa na bidii ya kuepuka neno la kutohoa, na bidii hiyo tunaiheshimu. Lakini propela limekwisha kuzoewa na kila anayelala chini ya gari, wala halimkumbushi meli hata kidogo. Neno likishakuwa na makao yake katika lugha, kulifukuza ili kuleta la asili lenye maana nyingine si kuitetea lugha.

Kosa la nne halichekeshi hata kidogo. Karatasi yasema: hakikisha nira zote mbili ziko katika awamu moja. Msomaji wa Tanzania akilisikia neno awamu huvikumbuka vipindi vya uongozi wa nchi; mwalimu hukumbuka mihula ya kazi; karani hukumbuka malipo ya sehemu kwa sehemu. Fundi tuliyemsomea sentensi hiyo alidhani ameambiwa azifunge panda zote mbili siku moja, asiache moja kwa kesho.

Maana iliyokusudiwa ni hii. Kiungo kimoja kikipinda, mti unaopokea nguvu hauzunguki kwa kasi iliyo sawa na ya mti unaoitoa. Katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Kiungo cha upande wa pili hulifuta kosa la kile cha kwanza, lakini kwa sharti kwamba pembe za viungo ziwe sawa, na masikio ya panda mbili za bomba moja yalale katika bapa moja. Sharti hilo lisipotimizwa, makosa mawili hujumlishwa badala ya kufutana, gari hutetemeka, na krosi, beringi ya katikati na giaboksi huliwa kabla ya wakati wake. Propela nyingi zina sehemu ya meno inayojirefusha na kujifupisha. Fundi akiichomoa bila kutia alama na kuirudisha akiwa amekosea meno machache tu, tayari ameiharibu.

Yote hayo yangalisemwa kwa Kiswahili chepesi: kabla ya kuichomoa propela, itie alama, ukiirudisha, masikio ya panda ya mbele yakiwa yamelala, na ya nyuma yawe yamelala vile vile. Hapana istilahi hata moja ngumu katika sentensi hiyo. Hapa tunapata funzo la kwanza. Si kila istilahi ya lugha ya asili hudai istilahi katika lugha pokezi. Pengine hudai kitenzi, au mfano, au sentensi nzima, na mfasiri aliyekielewa kitu hulijua hilo.

Haki hututaka pia tuseme penye mema. Mfasiri ameandika: zuia magurudumu kwanza, ndipo uingie uvunguni mwa gari. Sentensi hii ni ya Kiswahili safi, na yaokoa maisha, kwa maana propela ikishafunguliwa gia haiwezi tena kulishika lori, nalo huweza kuteremka lenyewe mteremkoni. Ameandika tena beringi za sindano, na kila fundi ameelewa. Na mahali ambapo wengine wangeandika hakikisha hakuna mchezo, yeye ameandika ishike krosi uitikise, ikicheza, imekwisha. Mtu aliyeweza kuandika hayo hakukosa lugha. Alikikosa kitu chenyewe mbele ya macho yake, akabaki na kamusi peke yake.

5. Ukubwa wa wapi?

Tunafika sasa kwenye kiini cha karatasi, yaani namna ya kutambua kipimo. Karatasi yaagiza hivi: pima kiungo cha zamani na ununue kingine chenye ukubwa ule ule. Mwishoni pameachwa mstari mmoja mtupu wa kuandika ukubwa huo.

Siku tuliyokuwapo kulikuwa na lori kuukuu la tani saba ambalo krosi yake ya nyuma ilikuwa imekwisha. Lilikuwa limebeba mahindi. Dereva alijaza karatasi, akaandika milimita 106, akamtuma utingo Mbeya, mwendo wa kilomita kama 100. Kijana alirudi jioni na krosi mpya ndani ya boksi lake. Fundi, mtu mzima aliyezeeka katika kazi hiyo, aliipokea, akaitia kikombe chake kimoja katika tundu la sikio. Kilizama chote na kubaki kikitikisika.

"Mzee, mwenye duka aliisoma karatasi," kijana akasema kwa unyonge, "akasema ndiyo hii."

"Karatasi yasema ukubwa, mwanangu," fundi akamjibu. "Ukubwa wa wapi?"

Dereva alitaka akikatie kipande cha bati la kopo ajazie nafasi iliyobaki, ili mahindi yafike. Fundi alikataa, na kijana akalala hapo akisubiri basi la alfajiri kurudi Mbeya. Siku mbili zilipotea, pamoja na nauli mbili.

Hatujaona uhakiki bora wa karatasi hiyo kuliko swali la fundi. Krosi haina ukubwa, ina vipimo. Cha kwanza ni kipenyo cha nje cha kikombe. Cha pili ni urefu wa krosi pamoja na vikombe vyake viwili vinavyoelekeana. Na urefu nao wataka kuelezwa wapimwa kutoka wapi hadi wapi. Ikiwa loki hukaa upande wa nje wa kikombe, urefu ni kutoka kitako cha kikombe kimoja hadi kitako cha kikombe cha pili. Ikiwa loki hukaa upande wa ndani, katika mfereji uliochongwa kwenye kikombe, urefu unaotajwa ni kutoka mfereji hadi mfereji, upande wao wa ndani.

Msomaji asidhani kwamba kipimo kimoja chatosha kwa sababu kingine hufuatana nacho. Tazama aina chache za krosi katika mfululizo wa Spicer, ambao hutajwa kwa namba. Namba 1330 ina kikombe cha kipenyo cha milimita 27.0 na urefu wa 92.1. Namba 1350 ina urefu huo huo wa 92.1, lakini kipenyo chake ni 30.2. Namba 1410 ina kipenyo hicho hicho cha 30.2, lakini urefu ni 106.4. Namba 1480 yarudia urefu wa 106.4, lakini kipenyo chapanda hadi 34.9. Na namba 1550 yarudia kipenyo cha 34.9, huku urefu ukifika 126.2. Hivi ndivyo zinavyoshikana kama mnyororo: kila moja imefanana na jirani yake kwa kipimo kimoja, ikatofautiana naye kwa kingine. Anayepima urefu peke yake atachanganya 1410 na 1480, na ndilo lililompata utingo wetu. Anayepima kipenyo peke yake atachanganya 1350 na 1410. Katika malori makubwa mambo ni yale yale: zipo krosi za kipenyo cha milimita 57 zenye urefu wa 144, na nyingine za kipenyo hicho hicho zenye urefu wa 152.

Karatasi yaongeza kwamba anayeshindwa kupima ataje aina ya gari na mwaka wake. Ushauri huo wafaa kwa gari jipya. Lakini malori mengi ya barabara ile yamekwisha kubadilishiwa propela, difu au giaboksi, na jina lililobandikwa usoni halisemi tena kilichomo uvunguni. Ndiyo maana kalipa ya vania yashinda cheti cha gari. Ndiyo maana pia yatupasa kuwa waangalifu na vipimo vya inchi: inchi moja ni milimita 25.4, na mwenye rula ya milimita akiisoma inchi moja na robo kama 30 badala ya 31.8, amekwisha kupotea njia.

Linalosikitisha zaidi ni hili. Mahali pawili karatasi inapokaribia kutaja kipenyo, mfasiri ameandika upana. Neno kipenyo limo katika vitabu vya hesabu vya shule zetu za msingi, ambazo zimefundisha kwa Kiswahili tangu mwisho wa miaka ya 1960. Kila aliyemaliza darasa la saba amelisikia pamoja na nusu kipenyo na mzingo. Yule utingo angalilijua, na mwenye duka pia. Istilahi ilikuwapo, sahihi, ya Kiswahili, imeenea nchi nzima kwa gharama ya taifa, nayo ikaachwa nje ya mlango. Tunapolalamika kwamba Kiswahili kinapungukiwa na istilahi za ufundi, na tukumbuke kwamba mara nyingine hakipungukiwi na istilahi bali na mfasiri wa kuzitafuta.

6. Hoja za upande wa pili

Wapo watakaotujibu kwamba tunataka kuipa gereji mamlaka ya Baraza. Watasema maneno ya mafundi ni ya mitaani, hubadilika kutoka mji hadi mji, na yametoholewa ovyo. Na kwamba kazi ya usanifishaji, ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa lilipewa kwa sheria ya mwaka 1967, ni kuiondoa fujo hiyo, si kuipigia makofi.

Hoja hii ina uzito. Dereva wa Lubumbashi aliyelelewa katika ufundi wa Kifaransa hukitaja kiungo hiki kwa jina la Cardano, na mwenziwe wa Tunduma hukiita krosi. Tusipokuwa na jina moja katika maandishi, karatasi itakayofaa Songwe haitafaa Tanga. Aidha, neno la gereji huweza kuwa na ufinyu wake. Mafundi wengi husema krosi wakikusudia kile kipande cha mikono minne pamoja na vikombe vyake, na husema krosi vile vile wakikusudia kiungo kizima pamoja na panda zake. Kiingereza chenyewe kina fujo hiyo hiyo, nayo imeingia katika karatasi yetu: ukurasa wa kwanza unaagiza kiungo kikaguliwe, na kumbe ni pamoja na matundu ya panda, ukurasa wa tatu unaagiza kiungo kinunuliwe, na kumbe ni krosi tu. Mtu aliyeitii karatasi neno kwa neno angelinunua panda mbili zisizohitajika.

Lakini kutokana na hayo haifuati kwamba tuanze upya juu ya meza ya ofisi. Kanuni tuliyoizoea katika kuunda istilahi hututaka tukitafute kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo tuende mbali zaidi. Swali letu ni hili: Kiswahili chenyewe ni kipi? Ikiwa ni kile cha washairi na wavuvi, ambacho twakienzi, mbona hakiwi pia cha mafundi wa barabara kuu, ambao kwa miaka mingi wamekitumia kuyataja mambo ambayo washairi hawakuwahi kuyaona? Giaboksi, klachi, breki na beringi hayakuingia lugha kwa mkutano. Yaliingia kwa sababu mtu alikuwa chini ya gari, na mwenziwe juu, na ilibidi waelewane upesi. Kusanifisha si kuyafuta hayo, bali kuyachambua: kulikubali lililo wazi, kuligawa linalobeba maana mbili, na kuziba pengo palipo na pengo.

7. Mapendekezo

Kwa kufuata njia hiyo twapendekeza yafuatayo, tukijua kwamba pendekezo si amri na kwamba litapimwa na watumiaji.

Kile kipande cha mikono minne, pamoja na vikombe vyake, kiitwe krosi. Wapo watakaopendelea msalaba, na hatungepinga kwa ukali, kwa kuwa tumekwisha kusema Msalaba Mwekundu bila kuchanganyikiwa. Lakini krosi lipo tayari midomoni mwa watu na madukani.

Kiungo kizima, yaani krosi na panda zake mbili, kiitwe kifundo cha propela. Mwili wetu una kifundo cha mguu na kifundo cha mkono, na kila mtu anajua kwamba ni mahali panapojikunja pande zote huku pakibeba uzito. Neno hili laeleza kazi ya kitu bila kuuita ulimwengu kuja kushuhudia.

Chuma chenye masikio mawili kiitwe panda. Kinachovaliwa na mkono wa krosi kiitwe kikombe. Pete ya kuzuia iitwe loki, na ielezwe kama ni loki ya nje au ya ndani.

Neno ukubwa liondolewe kabisa katika maelekezo ya kununua vipuri, na mahali pake pawe na kipenyo na urefu. Hapa twasema na watumishi wa ofisi hasa, kwa kuwa wao ndio watengenezaji wa fomu. Fomu ya kuagiza krosi isiwe na mstari mmoja, bali minne: kipenyo cha kikombe kwa milimita, urefu, na umepimwa kutoka wapi hadi wapi, loki ya nje, ya ndani, au bamba na boliti, na namba iliyochongwa katika krosi ya zamani, kama bado yasomeka. Nafasi hizo nne zingalimwokoa yule utingo usiku wake mmoja.

Kwa walimu wa shule twaomba jambo dogo. Mnapofundisha kipenyo, msikiishie kwenye duara la ubaoni. Leteni kikombe cha beringi kuukuu darasani, watoto wakipime. Mtoto wa Tunduma aliyekipima kwa mikono yake hataandika upana atakapokuwa mfasiri.

Na kwa wafasiri wenzetu: tafsiri ya maelekezo ya ufundi isipigwe chapa kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya fundi aliyeshika kalipa. Mfasiri asimweleze, asimsaidie. Amsomee tu, kisha atazame mkono wa fundi unakwenda wapi. Ukienda penyewe, tafsiri imefaulu. Ukisita, kosa liko katika karatasi.

8. Hitimisho

Tulipokuwa tukiondoka, lori la mahindi lilikuwa limekwisha kufungwa krosi ya kipenyo cha milimita 34.9, masikio ya panda zake yamelala sawa, na grisi mpya ikichungulia katika vikombe. Tulimwomba fundi ile karatasi tuje nayo kuihakiki. Alitupa bila kinyongo, akazifungia beringi zake katika kipande cha gazeti.

Tungependa siku moja apewe karatasi nyingine, ambayo hatakuwa tayari kuitoa hivyo.